Msitu wa Bondeni Haukuokolewa na Jeshi

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa karibu na lango la bustani, nikamsikia mmoja wenu akiwaeleza wageni kwamba msitu huu wa bondeni, kati ya Kyambogo na Ntinda, umesalia kwa sababu ya utawala wa wanajeshi. Alisema watu waliogopa kutoka nje miaka ile, basi miti ikapumzika na ndege wakazaliana kwa amani. Wageni wakaitikia kwa vichwa. Mmoja wao akasema kumbe hata ubaya una faida yake.

Niliondoka bila kuaga. Ningebaki pale ningesema, na ningesema vibaya mbele ya wageni. Magoti yangu yamechoka, lakini hasira yangu bado ina miguu mizuri. Sasa imetulia kidogo, kidogo tu, nami nawaandikia nyote mnaovaa shati la kijani na kuongoza watu mle ndani. Kijana yule simtaji jina. Hakudanganya kwa makusudi. Alisema asichokijua, na sisi tuliokijua tulikaa kimya mno.

Mnaniita Jajja, yaani bibi, Jajja Sabina, na mnadhani nilizaliwa na fimbo hii mkononi. Nilizaliwa kwenye kambi ya polisi. Baba yangu, Sajenti Drani, alikuwa Mwislamu kutoka upande wa Arua, na mama yangu Mkatoliki kutoka Gulu. Nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowakutanisha wao wawili, na ndicho kilichoongewa kambini kutoka mlango hadi mlango. Kiluganda nilikijua barabarani. Naeleza hayo kwa sababu lugha hii ndiyo iliyonipa kazi, na baadaye ndiyo iliyonitia taabani.

Mkuu wa bustani alikuwa Mzee Erisa Musoke, mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kama ya kaloli, yule ndege wetu wa majalalani, naye mwenyewe alipenda kujitania hivyo. Ndiye aliyeanzisha matembezi ya bure ya Jumamosi asubuhi. Alikuwa amechoka kuona watu wa Kyebando na Ntinda wakipita kando ya uzio kama watu wanaopita kando ya nyumba ya tajiri. Alinisikia siku moja nikimweleza mama mmoja Mkongo njia ya kwenda zahanati, akaniita. Akaniambia wageni wake wengine wanatoka kaskazini, wengine wanatoka Kongo, wanatembea msituni kama viziwi kwa kuwa yeye anawaelezea kwa Kiluganda tu. Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea. "Muwala," akasema, yaani binti, "wewe utasema, mimi nitaonyesha. Pole pole utaonyesha pia."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilikuwa mdomo kabla ya kuwa na macho.

Na macho yalichelewa. Jumamosi ya kwanza aliyoniachia kundi peke yangu, nilisikia kitu kizito kikisogea ndani ya mafunjo kule kinamasini. Nilikuwa nimeambiwa kwamba zamani nzohe, yule swala wa majini, aliwahi kuonekana bondeni. Nikawaambia watu wote walale chini, wasipumue kwa nguvu, wataona kitu ambacho wajukuu wao hawatakiona. Wakalala kwenye tope, na mwalimu mmoja wa shule ya wasichana mwenye sketi nyeupe akalala pia. Mafunjo yakafunguka, akatokea mwanamume mwenye povu la sabuni kichwani, hana nguo. Akatutazama vile tulivyolala, akatusalimu kwa heshima, akarudi kuoga. Mzee Musoke alipopata habari alicheka hadi akashika mti. Kisha akanifundisha jambo ambalo nawapa ninyi bure: usimtaje mnyama kabla hujamwona. Waulize watu wanasikia nini, wananusa nini, wanaona nini. Wakishajibu wao wenyewe, ndipo uwape jina. Jina likitangulia, macho hulala.

Alinifundisha mengi mengine. Mwenye hatua fupi atangulie, kwa sababu mwenye miguu mirefu akitangulia anafika peke yake. Jua liwe mgongoni mwako, sivyo ndege wote watakuwa weusi. Saga jani kati ya vidole, mpe mgeni anuse kabla hujasema ni dawa ya nini. Ukigeuza gogo, lirudishe lilivyokuwa, maana ulichokifunua ni paa la nyumba ya mtu. Nikiwaona leo mnapiga mateke magogo ili mpate picha ya mjusi, moyo unaniuma. Lakini hilo tutaongea siku nyingine, leo nina kubwa zaidi.

Wanajeshi walipochukua serikali, watu wengi wa mji huu walishangilia barabarani. Mzee Musoke hakushangilia wala hakulia. Alisema tu kwamba bunduki haijui kupanda mche. Kisha Wahindi wakafukuzwa, na nyumba zao mlimani zikapata wenyewe wapya. Katika nyumba moja iliyoutazama msitu wetu kwa juu akahamia ofisa wa jeshi. Tulimwita Afande tu. Jina lake silitaji hapa, na sababu mtaiona.

Kazi yetu ilibadilika polepole, kama mtu anayepungua mwili bila kujua. Kwanza tuliacha kunyoosha vidole. Juu ya mlima wa pili palikuwa na mitambo ya redio, na mwanafunzi mmoja wa Kyambogo alipigwa makofi na askari kwa kumwonyesha mwenzake hondohondo aliyetua upande ule. Basi tukajifunza kuonyesha kwa midomo na kidevu, kama mama zetu wanavyoonyesha mtoto aliyeiba nyama. Tukapunguza makundi, watu wakawa wanaingia wawili wawili kana kwamba hawajuani. Darubini ilikuwa moja tu, ya Mzee Musoke, yenye mkanda uliokatika akaufunga kwa waya wa shaba. Alianza kuificha ndani ya koti.

Halafu kikaja kile kilichoniumiza zaidi. Nilikuwa nikifungua mdomo kwa Kiswahili, na watu wapya kwenye kundi wananyamaza, wanatazama chini. Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Kilikuwa lugha ya "lala chini" na "fungua buti". Mama mmoja aliyekuja na watoto wake alishika mikono yao na kuondoka nilipomkaribisha tu, na nilikuwa nimesema karibu. Lugha ambayo baba yangu alimposea mama yangu, wanajeshi waliikanyaga kwa viatu vyao mpaka ikanuka. Hilo silisamehe hadi leo. Nilimwambia Mzee Musoke kwamba labda ninyamaze. Akasema hapana, waache wasikie mara moja kwa wiki lugha hiyo ikitaja vipepeo.

Jumamosi waliyomchukua ilikuwa ya mvua nyembamba. Kundi lilikuwa la watu wetu wa kawaida: wanafunzi wachache, akina mama wa Kyebando, karani mmoja mzee, na Mama Furaha, yule Mkongo niliyemwelekeza zahanati, ambaye sasa alikuwa akiuza vitenge Ntinda na hakukosa matembezi hata moja. Tulikuwa chini ya mvule mkubwa. Mzee Musoke alikuwa amempata kinyonga, na kinyonga alikuwa akipanda mkono wa koti lake kwa ile hatua yake ya kusitasita. Watu wote walikuwa wameinamia mkono ule.

Wakaja wanaume watatu kutoka upande wa lango, mashati ya maua, miwani myeusi kwenye mvua, viatu vya soli nene vikizama kwenye majani. Mmoja aliuliza mkubwa ni nani. Mzee Musoke akasema ni yeye. Yule mtu akamwambia kuna ripoti kwamba anawaonyesha watu mitambo ya serikali kwa darubini. Mzee akajibu, kwa Kiswahili chake kile, kwamba anawaonyesha ndege, na kama wanataka anaweza kuwaonyesha nao pia. Hakusema kwa kejeli. Naamini angewaonyesha kweli.

Wakaivuta darubini kutoka kwenye koti. Wakamshika bega. Kabla hawajamgeuza alinyoosha mkono wake kwangu, mkono ukagusana na mkono, na kinyonga akavuka kutoka kwake kuja kwangu. Akaniambia, "Muwala, maliza njia na watu."

Wakamtia kwenye buti ya gari lao, tuliloliona kati ya miti pale langoni. Mabega yale marefu hayakuingia vizuri, wakayasukuma kwa mguu. Ndilo jambo la mwisho nililoliona. Ninapoambiwa kwamba miaka ile ndege walizaliana kwa amani, ninaona mguu ule.

Nilimaliza njia. Mtaniuliza niliwezaje, na mimi sijui. Nilimweka kinyonga kwenye tawi, nikageuka, nikaanza kutembea, na hakuna hata mmoja aliyeondoka. Niliwaonyesha mtini unaotolewa gome la kushonea nguo za mazishi za Waganda. Niliwaonyesha kiota cha mdiria kwenye ukingo wa udongo. Sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya mtu mwingine. Karani mzee alikuwa analia bila kujifuta. Mama Furaha alitembea nyuma kabisa, kila mara akigeuka kuona kama kuna mwingine wa kuchukuliwa.

Siku zilizofuata mke wake alikwenda kila kituo cha polisi na kila kambi, na kila mahali aliambiwa kwamba mtu huyo hajulikani. Nikamwomba baba yangu anisaidie, maana alikuwa na wenzake wa zamani. Baba alistaafu akiwa mtu mnyoofu na aliogopa, na simlaumu. Aliuliza kwa siri, akarudi na neno moja tu: aliyetoa ripoti ni Afande wa mlimani. Sababu haikuwa mitambo wala darubini. Alitaka mivule ya bondeni kwa mbao, na hakutaka watu wanaokuja kila Jumamosi wakijua kila mti ulipo.

Hiyo ndiyo siasa yote ya jambo hili, vijana wangu. Mtu alitaka mbao.

Nilipanda mlima kwenda kwake. Mama alinisindikiza hadi chini ya mlima, akabaki na rozari yake. Afande alinipokea barazani akiwa na fulana, mtu wa tabasamu, akinywa chai yenye sukari wakati sisi tulikuwa tumesahau sukari ni nini. Aliniuliza mimi ni binti ya nani. Nilipomjibu alifurahi, akasema anamjua baba yangu, sisi ni watu wa upande mmoja. Kuhusu Mzee Musoke alisema atauliza. Kisha akaniambia kesho asubuhi nikutane naye langoni nimtembeze, kwa sababu amesikia mimi najua miti.

Asubuhi alikuja na askari mmoja aliyebeba kopo la rangi nyeupe. Shingoni kwake ilining'inia darubini. Mkanda wake ulikuwa umefungwa kwa waya wa shaba.

Nilisimama. Nilijua wakati ule ule kwamba mke wa Mzee Musoke anatembea bure kutoka kambi hadi kambi.

Nikamuuliza, "Afande, hiyo darubini ni ya Mzee Musoke. Yeye yuko wapi?"

Aliiangalia kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Hiyo mambo iliisha," akasema. "Nionyeshe mvule."

Nikamwambia siijui mivule. Alicheka, akamuuliza askari wake kama alishawahi kuona mtu anayefundisha miti na haijui. Nikarudia kwamba siijui. Mikono niliifunga nyuma isije ikanisaliti kwa kuelekeza. Akasogea karibu na uso wangu. "Wewe ni mtoto ya nyumbani," akasema taratibu. "Sasa enda nyumbani."

Nikaenda. Nataka mlielewe jambo hilo vizuri, kwa maana ndilo linalonichoma. Sikupona kwa ushujaa. Nilipona kwa sababu baba yangu alitoka upande wa Arua. Mzee Musoke aliujua ule msitu kuliko mtu yeyote, alikuwa mpole kuliko mtu yeyote, lakini hakuwa na baba wa kutaja barazani. Wako watu wa Kyebando waliokataa salamu yangu miaka mingi kwa ajili hiyo. Niliwaelewa.

Mvule mkubwa hauhitaji kuonyeshwa. Waliiona mivule wenyewe, wakaipaka rangi, na Jumatatu misumeno ikaanza. Mlio wake ulisikika hadi Ntinda. Waliangusha mivule, kisha misizi, ile miti ya mbao laini, kisha chochote kilichonyooka. Malori yakakata njia kupitia mafunjo, moja likazama kwenye kinamasi hadi kwenye taa, likaachwa pale. Kutoka lango mpaka mto mdogo pakawa peupe, visiki na vumbi la mbao. Msitu uliopumzika, nyie! Niliuona ukipumzika, umelala chini.

Ni Mama Furaha aliyenijia nyumbani. Alikuta nimejifungia, akaanza kunikemea kwa kile Kiswahili chake cha Bukavu, akauliza nani aliyeniambia kwamba matanga ya miti ni ya kukaa ndani. "Dada," akasema, "miti iko na watoto. Tubebe watoto yake."

Alikuwa na akili kuliko sisi sote siku hiyo. Chini ya mivule ile popo walikuwa wameangusha mbegu miaka na miaka, na miche ilikuwa imejaa kati ya majani, myembamba kama sindano za kufumia. Askari waliwaruhusu wanawake kuingia kuokota matawi kwa kuni. Basi tukaingia kuokota kuni, akina mama wa Kyebando, wake wa askari wenyewe kutoka kambini, Mama Furaha na mimi. Tulichimba kwa visu vya jikoni. Mche ulifungwa kwenye jani la mgomba pamoja na udongo wake, ukalazwa katikati ya mzigo wa kuni, mzigo ukapanda kichwani. Tulipita mbele ya walinzi tukilalamikia bei ya chumvi. Ukitaka kujua jinsi ya kubeba mche wa mvule usife, njoo uniulize: usiguse mzizi mkuu, usiuache upate upepo, na usiumwagilie maji mengi siku ya kwanza kwa huruma. Huruma nyingi huua miche.

Tuliikuza kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, nyuma ya nyumba, kati ya mihogo. Mingine ilikufa. Mbuzi wa jirani yangu alikula safu nzima na akaonekana mwenye afya njema sana. Afande alipohamishwa na visiki vikaanza kuoza, tukairudisha mmoja mmoja, mvua ya kwanza na ya pili, bila kutangaza. Karani mzee alipanda mitatu kisha akafa. Mke wa Mzee Musoke alipanda mingi kuliko sisi wote, na hakutaka kusaidiwa. Hana kaburi la mumewe mpaka leo.

Basi mivule mnayowapigia wageni picha, hiyo mnayoiita ya kale, ilibebwa vichwani na wanawake waliokuwa wanatetemeka. Waambieni wageni hivyo.

Nina la mwisho. Utawala ule ulipoanguka nilirudi kazini, nikaongoza matembezi ya Jumamosi mpaka nywele zikageuka, siku zote bure, kama Mzee Musoke alivyotaka. Alikuja mwizi, akaja mlevi, wakaja mawaziri, na wote niliwatembeza. Miaka michache kabla sijastaafu, gari lilisimama langoni, akashuka mzee mwenye mkongojo na msichana wa umri wenu, mwanafunzi wa Kyambogo. Msichana akanisalimu vizuri, akasema babu yake anapenda miti, amemleta kama zawadi. Mzee akatabasamu. Tabasamu halizeeki, watoto wangu. Yeye hakunijua.

Nilimwambia kwa Kiswahili, taratibu, kwamba matembezi haya ni ya bure kwa kila mtu duniani isipokuwa yeye.

Alinitazama, na niliona jina la baba yangu likimrudia usoni. Aligeuka, akarudi kwenye gari, akafunga mlango.

Msichana alibaki amesimama. Kundi lilikuwa linasubiri. Akaniuliza, kwa adabu, babu yake amenikosea nini. Wengine baadaye walisema ningemficha, kwamba mtoto hana hatia, kwamba nilikuwa mkali. Ni kweli hana hatia. Ndiyo sababu jina lake silichafui hapa. Lakini alikuwa ameuliza, na mimi kazi yangu yote ilikuwa kuwajibu watu wanaouliza.

Nikamwambia twende. Alitembea kando yangu njia nzima, nikamweleza kila kitu mahali pake kilipotokea. Pale palipokuwa na mvule wa kwanza alichuchumaa akaweka kiganja chake ardhini, akakaa hivyo mpaka kundi likatupita.

Tuliporudi, mzee alikuwa bado ndani ya gari, vioo vimefungwa. Msichana alilipita lile gari bila kuligusa, akaishika barabara ya Kyambogo kwa miguu.